Bi Funga, Mlinzi wa Tovuti ya Damu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, poleni na ahsanteni kwa kuja. Familia imenipa mimi mdogo wake jukumu la kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama tulivyoyaona, maana mwenyewe hakupenda kuvishwa kilemba cha ukoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, ambako alijifunza kulala huku nyundo zikigongwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akiandikia mkono wa kushoto, na mwalimu alipomlazimisha kutumia wa kulia alitii darasani, akaendelea na wake nyumbani, hivyo akaja kuandika kwa yote miwili. Alimaliza sekondari mwaka 1989, akasomea hisabati na kompyuta chuoni, akahitimu mwaka 1995.

Baada ya miaka kadhaa ya kufundisha, mwaka 2003 aliajiriwa na huduma ya damu kutunza hifadhidata ya tovuti ambako wachangiaji walijiandikisha na wodi zikaeleza zimepungukiwa damu ya kundi gani. Mtu anapofungua ukurasa wa tovuti kama hiyo, ukurasa huomba njia ya kuingia kwenye hifadhidata, huchukua unachotaka, kisha hupaswa kuifunga njia hiyo ili mwingine apate nafasi, kwa kuwa njia zenyewe zina kikomo, na ukurasa ukisahau kufunga, wanaofuata hubaki mlangoni. Ndiyo maana kila kazi aliyoletewa aliikagua kwa swali moja, “Umefungua, umefunga?”, wenzake wakamwita Bi Funga, na jina likamfuata mpaka sokoni.

Tarehe 9 Agosti 2006, asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya mji, redio zikaomba damu, watu wakaikimbilia tovuti kujua waende kituo gani, nayo ikagoma. Mkuu wa idara alisimama nyuma ya kiti cha dada akisema, “Zima, washa!”, naye akazima, akawasha, tovuti ikafunguka kidogo kisha ikagoma tena, wengine wakataka njia ziongezwe, akaongeza, nazo zikajaa. Hapo aliomba watu wanyamaze, akapitia njia zote zilizokuwa wazi, akaona nyingi zimekaliwa bila kufanya kazi yoyote, na zote zimetoka kwenye ukurasa mmoja, ule wa kutafuta kituo cha karibu, ambao mtu akiandika mtaa usiokuwemo ulikwama kwenye kosa na kuishia hapo, kabla ya kufika mahali pa kufunga.

Aliyeuandika, kijana mpole wa meza ya dirishani, alimjia jasho likimtoka, akasema, “Dada, huo ni wangu,” naye akamjibu bila kugeuka, “Sijauliza wa nani, vuta kiti.” Waliurekebisha pamoja ili njia ifungwe hata kosa likitokea, akazikata zile zilizolala, tovuti ikafunguka tena, na kufikia adhuhuri foleni za wachangiaji zilikuwa zimezunguka vituo.

Wengi wangeishia kwenye pongezi, lakini jioni ile marehemu alikwenda wodini kumwuliza muuguzi wa zamu kama kuna aliyekosa damu asubuhi, muuguzi akamjibu, “Mmoja ilimfikia imechelewa, ila si wewe uliyeangusha jengo.” Alirudi nyumbani kwa miguu, hakula, na tangu siku hiyo hakusubiri tena tovuti igome ndipo aitazame, aliiwekea mtambo wa kumwonya njia zinapoanza kujaa, akawa anaujaribu kila ukurasa mpya kwa kuuandikia makosa makusudi, na waliomwona mkali hawakujua alikuwa akimfikiria nani.

Yule kijana alikivuta kile kiti mara nyingi baadaye, hata ilipokuwa hakuna kilichoharibika, wakafunga ndoa tarehe 22 Novemba 2008, bwana harusi akitaniwa kwamba sasa hata mlango wa kabati hatathubutu kuuacha wazi, na wakajaliwa binti mwaka 2010 na mwana wa kiume mwaka 2013.

Mwezi Mei 2022 alianza kuumwa tumbo, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, akapasuliwa, akapata nafuu ya mwaka mzima, kisha maradhi yakarudi. Aliendelea kuwafundisha vijana wa ofisini kazi akiwa kitandani, mpaka shemeji yetu alipomnyang’anya kompyuta, naye akasema, “Haya, basi nisomee kitu,” ikawa kila alasiri anasomewa riwaya. Tarehe 3 Februari 2024 shemeji alisita katikati ya ukurasa, akidhani mkewe amelala, naye akasema, “Endelea, nasikia,” akaendelea mpaka mwisho wa sura, na alipoinua macho alikuwa ametutoka.

Ameacha mume, watoto wawili, mama yetu mzazi, nasi ndugu zake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumficha lolote, majirani mliopika na kufua bila kuitwa, na wenzake wa kazini; tunajua wawili wenu hawapo hapa kwa kuwa wako zamu, wasione haya, maana wangeiacha tovuti ya damu peke yake ili waje kumlilia, angewafukuza mwenyewe.

Dada yetu, umechoka kwa haki, pumzika kwa amani.