Damu Iliyoandikwa Jina la Azim

Sogeeni, Azim na Rukhsana, na mlango ufungeni, maana hata leo siwaamini majirani. Sikilizeni, wanangu, pumzi imebaki kidogo.

Baba yangu akikojoa uani, sisimizi walijaa; alikufa na kidonda cha mguu kisichopona. Kisha ndugu yangu Abbas akapofuka, nami nikasema mkewe Kijakazi amemlisha kitu, nikamtoa nyumbani na kanga mbili. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, na jirani yetu Uweso akitutania, "Serikali ikikosa sukari na ije kwa kina Noorali, wao wanaikojoa." Nilicheka naye, lakini tangu siku hiyo sikumwamini.

Maduka yalipojaa tena bidhaa za nje, wakaja madaktari kutafuta koo zenye maradhi haya. Walitaka damu ya wagonjwa na ya wazima wa tumbo moja, wailinganishe, waone ni vinasaba gani tunavyorithishana. Nikajiuliza, damu yetu inakwenda kuuzwa wapi? Na zaidi nilimwogopa muuguzi wao, Consolata, ambaye mama yake aliwashonea nguo wakwe zako, Azim, kule Raskazone; neno lingewafikia. Ndoa yako ilikuwa imebakiza wiki tatu. Kukataa kungekuwa kukiri.

Wewe ulikuwa Mombasa kufuata mzigo. Nikamchukua mwana wa fundi saa, rika lako, rangi yako, akaketi akaitikia jina lako. Ile karatasi uliyoiweka kabatini, inayosema huna sukari, ni yake. Wewe hujapimwa kamwe. Mwaka wa pili huu nakuona ukimaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri, suruali ikikulegea kiunoni, nami nimenyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha yako.

Nenda ukapimwe leo. Waambie madaktari wamtoe yule kijana katika ukoo wetu, wanatafuta maradhi yetu ndani ya damu ya mtu baki. Mkeo mwambie mwenyewe, kabla Uweso hajanusa. Rukhsana, nyumba ya Mabawa, nilikomtoa Kijakazi, si yenu, ni yake. Mpe hati mkononi, umwambie Noorali alimsingizia.

Na wakikutoa damu, Azim, usiondoke mpaka uone jina lako kwenye kichupa.

Nipeni maji... basi. Mola awape umri mrefu kuliko wangu, awahifadhi na... awahifadhi watoto wenu. Azim, mbona bado umekaa? Nenda.