Ardis Hakala, Aliyekataa Kuvua Shali

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna mkate wa potica: marehemu Ardis Marie Hakala alifariki mwezi Januari, na tunamzika leo, Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, kwa kuwa huku kwetu udongo wa Januari huganda kwa baridi na hauingiwi na sululu. Amesubiri tangu majira ya baridi. Kwake halikuwa jambo geni. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza akiambiwa asubiri kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 mjini Eveleth, Minnesota, mtoto wa tatu wa Frank Zupancic, mchimba chuma, na mkewe Rosalia. Mwaka 1965 bibi yake alifariki, na babu yake, mzee Anton, akaacha kusema na kula. Alikaa jikoni na buti zake za matope akitazama ukuta, na wanawake waliokuwa wakisukuma unga walimzunguka kama kabati. Ardis, mwenye miaka minane, alijifunga aproni ya bibi iliyokuwa bado kwenye msumari, akashika kiuno na kupayuka:

"Anton! Buti hizo! Nimepiga deki sasa hivi, wewe mzee ulizaliwa zizini?"

Mzee Anton alisimama, akafuta buti mlangoni, akarudi kukaa, akalia mpaka mabega yakatikisika. Kisha akauliza kama kuna supu. Mama yake Ardis alimzaba mtoto kofi kwa kumdhihaki bibi aliyekufa, halafu akamkatia kipande kikubwa cha mkate kuliko cha watu wazima. Hakuna aliyekuwa amesajiliwa na chama chochote cha watabibu siku ile, na bado mzee alikula.

Ardis alimaliza sekondari Eveleth mwaka 1975, akasomea sanaa za maonyesho chuo kikuu mjini Duluth na kuhitimu mwaka 1979. Aliigiza majira matatu ya kiangazi katika kikundi ambacho watazamaji wake wengi walikuwa mbu. Mwaka 1984 aliajiriwa na Kituo cha Pine Hollow, makazi ya wazee na watu waliovunjika moyo kwa namna mbalimbali, akiwa mhudumu wa burudani. Maana yake alichezesha bingo, ule mchezo wa kusubiri namba yako itajwe.

Alichezesha bingo kwa uaminifu, lakini Alhamisi mchana alifunga mlango wa chumba cha mwisho na kufungua sanduku la nguo kuukuu. Humo ndani, kwa maigizo, wajane waligombana na waume zao waliokufa, na wanaume ambao hawakuwahi kumwomba mtu radhi waliiomba radhi kofia iliyowekwa kwenye kiti. Wengine walitoka wakicheka. Wengine walilala bila kidonge kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Kundi la Alhamisi ndilo lililokuwa maisha yake, na kila mtu Pine Hollow alilijua, isipokuwa uongozi.

Tarehe 18 Juni 1983 alikuwa amefunga ndoa na Wendell Hakala, fundi wa mitambo ya mgodini, mtu wa maneno machache na samaki wengi. Walijaliwa binti mmoja, Jolene. Wendell aliposikia kwamba mkewe analipwa kwa kujifanya mama za watu, alisema, "Nyumbani kazi hiyo unaifanya bure," na hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake marefu ya mwaka ule.

Uongozi uligundua Alhamisi mwaka 2016. Hawakukasirika, walitabasamu, na uongozi ukitabasamu ndipo watu wazima hushika vichwa. Walimweleza marehemu kwamba anachofanya kinaonekana ni tiba, na tiba hufanywa na mtabibu. Akitaka kundi liendelee, awe mtabibu wa maigizo aliyesajiliwa. La sivyo, chumba kitarudi kwenye bingo. Walimpa muda, na wakamsihi asitumie tena neno "tiba" kwenye korido.

Ziko njia mbili za kusajiliwa. Ya kwanza ni kusoma shahada ya uzamili ya fani hiyo katika chuo kilichoidhinishwa, na vyuo hivyo ni vichache na viko mbali na mgodi wowote wa chuma. Ya pili ni njia mbadala: uwe na uzamili wa fani ya jirani, uokote kozi za tiba ya maigizo moja moja kwa walimu walioidhinishwa, ufanye kazi chini ya uangalizi, na juu ya yote upate mlezi, yaani mtabibu mwenye cheo cha kufundisha, atakayekushika mkono mpaka mwisho na kutamka kwamba umeiva. Inaitwa mbadala kwa adabu tu. Wendell aliiita njia ya uani: "Unafika kwenye chakula kilekile, ila unapitia kwa mbwa."

Marehemu aliipita. Uzamili wa ushauri nasaha alikuwa nao tayari, ameusomea jioni akiwa na miaka karibu hamsini. Kozi alizifuata wikiendi katika miji ya mbali, Wendell akiendesha gari na kumsubiri kwenye maegesho na chupa ya kahawa. Darasani aliambiwa na vijana wenye umri wa binti yake "awe mti", naye akawa mti. Alirudi nyumbani na kumwambia mumewe, "Leo nimefundishwa kupumua." Wendell akauliza, "Umefaulu?"

Mlezi wake alikuwa Dk. Corinne Thorsrud wa Minneapolis, ambaye yupo nasi leo, safu ya tatu, na shada lake ni lile kubwa. Kwa miaka walizungumza kupitia kioo cha kompyuta. Dk. Thorsrud alimpenda marehemu, alimsifu, na alimwita "hazina" mara nyingi. Lililobaki lilikuwa aje mwenyewe aone kikao kimoja kwa macho yake, kisha atamke neno.

Alikuja Alhamisi, tarehe 20 Oktoba 2022.

Hapa inabidi tueleze kitu kimoja kuhusu kazi hii. Ukimaliza kumwigiza mtu, sharti ujivue. Unaweka chini vazi lake, unakung'uta mikono kama mtu aliyeshika unga, na unasema jina lako kwa sauti, ili wewe ujue umerudi na mgonjwa ajue nani yuko mbele yake. Usipojivua, unamwacha mwenzako njia panda na mzimu. Marehemu aliwafundisha wazee wote kufanya hivyo, hata wale waliosahau majina yao wakalazimika kuazima.

Siku hiyo aliyeomba zamu alikuwa Leland Bouchard, mchimba chuma mstaafu na askari wa zamani wa Vietnam, ambaye kwa miaka sita ya Alhamisi alikuwa amekaa pembeni akikosoa mavazi. Mama yake alizikwa mwaka 1979. Leland hakwenda mazikoni. Alikuwa amelewa ndani ya gari, ng'ambo ya uzio wa makaburi haya haya. Alichukua shali ya kijani sandukuni, akamtupia marehemu mabegani.

"Kuwa yeye," alisema. "Na usiwe mpole. Hakuwa mpole."

"Umechelewa, Leland," akasema Ardis kwa sauti ya mama. "Miaka arobaini na mitatu. Ulipotea njia?"

"Nilikuwa nje, mama. Ndani ya gari."

"Nilikuona. Unadhani maiti hawaoni? Gari lenyewe lilikuwa chafu."

Leland akacheka, akaanza kusema. Alisema kila kitu. Muda wa kikao ukaisha naye bado yuko katikati, na kule pembeni Dk. Thorsrud akainua kidole: jivue. Marehemu alikiona. Alishika upindo wa shali kutaka kuivua.

"Mama, bado," akasema Leland. "Usiondoke kwanza."

Naye hakuondoka. Alimshika mkono, akatoka naye chumbani akiwa na shali, akaketi naye kwenye chakula cha jioni akiwa na shali, akamgombeza kwa chumvi nyingi na kumfuta mdomo kwa leso ya karatasi. Hakukung'uta mikono. Hakusema jina lake. Wiki nzima iliyofuata Leland alimwita mama kwenye korido, na mara mbili alimsubiri mlangoni jioni amrudishe nyumbani kwao.

"Ardis mpenzi, umezama," Dk. Thorsrud alimwambia maegeshoni jioni ileile ya kikao.

"Nimezama, ndiyo. Lakini yeye alikuwa ndiyo kwanza anaibuka."

"Na kesho ataamka akiwa na mama ambaye hayupo. Kazi yetu ni kuwarudisha watu, si kuhamia nao."

"Ungeivua shali mbele ya macho yake, wewe?"

"Ndiyo," akasema Dk. Thorsrud. "Kwa upole, lakini ndiyo."

Kwa kanuni alikuwa sahihi. Tunalisema mbele ya jeneza, na marehemu mwenyewe alilisema jikoni kwake akiwa amefunika uso kwa mikono. Lilikuwa kosa, na ni kosa ambalo asiye na moyo hawezi kulifanya hata akilipwa. Dk. Thorsrud hakutamka kwamba ameiva. Alipendekeza marehemu aanze upya kazi ya vitendo, chini ya mlezi mwingine, "bila haraka". Marehemu alikuwa na miaka sitini na mitano. Uongozi, ambao siku zote ulikuwa na haraka, ulifunga kundi la Alhamisi kabla ya Krismasi. Chumba cha mwisho kilirudi kwenye bingo.

Alianza upya. Waliomjua hawakushangaa. Alipata mlezi mwingine, akawa mti tena.

Mwezi Julai 2023 alianza kulalamika kwa maumivu ya mgongo, na madaktari wa Duluth wakakuta saratani ya kongosho. Alipoambiwa kwamba hakuna la kufanya, aliuliza kama hapo pia kuna njia mbadala. Daktari hakucheka. Wendell alicheka, akatoka nje, akakaa ndani ya gari muda mrefu.

Alihudumiwa nyumbani. Alasiri moja ya Januari, siku ya bingo, Leland Bouchard aliletwa na gari la kituo. Marehemu alikuwa kitandani amejifunika ile shali ya kijani, ambayo alikuwa ameondoka nayo Pine Hollow bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mama," akasema Leland.

"Mimi si mama yako, Leland. Nilipaswa kukuambia siku ile."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja." Akaishika shali kwa vidole viwili, akaivua taratibu, akaikunja kitini. Akakung'uta mikono yake mikubwa. "Mimi naitwa Leland Bouchard. Mama yangu alikufa mwaka 1979, na nimeshamwambia yote. Wewe unaitwa Ardis Hakala. Haya, sema na wewe."

"Ardis Hakala," akasema marehemu, akakung'uta vidole juu ya blanketi. Kisha: "Na nasikia baridi, mpumbavu wewe. Rudisha hiyo shali."

Akamrudishia. Safari hii ilikuwa shali tu.

Kikao hicho hakikuhesabiwa. Msimamizi pekee aliyekuwepo alikuwa Wendell, na yeye ana kibali cha kuvua samaki tu. Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 22 Januari 2024, asubuhi, nyumbani kwake, Wendell akiwa ameshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa imeshikwa na Jolene. Katika salamu zao za rambirambi, uongozi wa Pine Hollow umemtaja kuwa "mtabibu wetu mpendwa". Familia inashukuru. Kumbe usajili ulihitaji kitu kimoja tu, na alikuwa nacho tangu kuzaliwa: uwezo wa kufa.

Ameacha mume, Wendell. Binti, Jolene, na mumewe Curtis. Wajukuu wawili, Britta na Amos. Kaka yake, Ludwig. Dada yake, Bernadine. Na wazee wa Alhamisi, walioketi nyuma na makoti yao ya siku za bingo, ambao hawakuorodheshwa popote na ndio waliobeba sanduku la nguo mpaka hapa.

Kabla hamjaelekea kwenye potica, familia inawaomba jambo moja. Tukishamfukia, kila mmoja akung'ute mikono kando ya kaburi na aseme jina lake mwenyewe kwa sauti. Wenye huzuni waseme. Walioigiza huzuni waseme pia, kwani hao ndio wenye cha kuvua. Leland ataanza.

Yeye anaitwa Ardis Marie Hakala. Apumzike kwa amani, akiwa na shali yake.