Jembe la Anselme Lililokunjwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Kitendawili. Najua mmesema tega. Nimeharibiwa kwa makusudi ili niwe zawadi. Haya, fikirini.

Tunamkumbuka Anselme Rabuteau, mkulima wa liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, hapa kijijini Varzeilles. Ametutoka Jumanne, usingizini.

Anselme na jirani yake Théodule walishindana kila mwaka kwenye maonyesho ya liki ya sikukuu ya Mtakatifu Martini. Kila mwaka Théodule alichukua kikombe. Anselme naye, kila alipolima, jembe liligonga vyuma vya kutu vilivyopinda. Akaamini Théodule anamtupia takataka. Akavirusha ng'ambo ya uzio.

Mkewe, Odile, anasema: "Nilimwambia, mume wangu, vyuma hivi vinatoka ardhini. Akanijibu, wewe humjui Théodule."

Kisha wakaja wachimbaji wa mambo ya kale, na Daktari Solène mbele yao. Wakaviona vyuma kwa Théodule. Kumbe ni panga za Wagallia, wazee wetu wa zamani. Walizikunja, wakazitoa sadaka hekaluni. Upanga uliokunjwa haurudi vitani, ni wa miungu. Basi wakachimba kwa Théodule. Liki zake zote zikang'olewa. Hekalu halikuonekana.

Anselme akanyamaza, wasikilizaji wapendwa. Alijua panga zilikotoka, akanyamaza. Kikombe kilikuwa kinanukia.

Jioni Théodule akaja kwenye uzio. "Mwaka huu ni wako, jirani. Ila usinicheke sana."

"Lini nimekucheka mimi?"

"Tangu tulipobatizwa."

Usiku ule, anasema Odile, Anselme alisukuma bakuli la supu. "Supu ya liki. Nikajua huyu anaumwa."

Asubuhi akamfuata Daktari Solène. "Mwanangu, hekalu liko chini ya liki zangu. Panga za kwa Théodule nilizirusha mimi."

"Zote, mzee?"

"Ulize bega langu."

Liki zake nazo zikang'olewa, zimenona kama mikono ya mwokaji. Chini yake kukatokea misingi ya hekalu, mraba ndani ya mraba, na shimo la sadaka limejaa mifupa ya ng'ombe na panga zilizokunjwa. Kikombe? Kilikwenda kwa kasisi, ambaye liki zake zilikuwa nyembamba kama mishumaa yake. Wale wawili walimsema mpaka wakapatana.

Jana makaburini Théodule alikuja na jembe la marehemu. Alikuwa amelikunja bapa kwa nyundo. Akaliweka juu ya jeneza.

Odile akamuuliza, "Umelifanya nini jembe la mume wangu?"

"Nimelitoa sadaka, shemeji. Lisiguswe na mwingine." Akajifuta pua. "Tena huko aendako asije akanitangulia kupanda."

Kitendawili mmekitegua. Pole sana, Odile. Pole nawe, Théodule, uzio wako umebaki na upande mmoja. Nasi wasikilizaji wapendwa, kabla hatujamrushia jirani chuma, tuinamie kwanza shamba letu.