Mpima Hewa wa Siku za Jumapili

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mpima hewa wetu, ambaye idara nzima inamwita Babu Vumbi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi nimekuwa mtunza takwimu wake kwa miaka kumi na tisa, na jarida la idara limenipa nusu ukurasa. Hautoshi, lakini nitabanana humo humo.

Kazi yake ukisimuliwa utacheka. Kila asubuhi hupanda hadi juu ya paa la kliniki, akatoa karatasi ya chujio kwenye mashine, kisha akaipima kwenye mizani ajue imenasa vumbi kiasi gani tangu jana. Huishika kwa kibano, na ole wako upige chafya karibu naye. Mkuu wa idara aliwahi kupiga moja, akafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni.

Sasa kosa letu. Kila Ijumaa mashine ilizimwa, tukaenda zetu nyumbani. Wastani wa vumbi tuliopeleka kwenye baraza la mji, miaka nenda miaka rudi, ulikuwa wa siku za kazi tu, na baraza likaridhika kwamba hewa ni safi. Wauguzi walilalamika kuwa kila Jumatatu mabenchi yanajaa watoto waliobanwa na kifua. Tukasema ni mafua. Yeye hakubishana na mtu. Aliacha mashine ikiwaka na kuja Jumapili, bila kutumwa. Karatasi ikatoka nyeusi ti. Kumbe tanuri la kuyeyushia betri chakavu, mtaa wa pili tu, lilikuwa likiwashwa wikendi!

Baraza likataka vipimo vya miaka, si vya Jumapili moja au mbili. Basi akaja Jumapili kwa miaka saba, peke yake, na chai yake ya chupa. Joto la miaka hii limezidi na upepo hakuna, moshi haupandi, unalala juu ya mapaa, naye akaanza kukohoa. Daftari lake lina Jumapili moja tu tupu, siku aliyomzika mkewe. Wenzake tulifika, tukatoa pole, tukaondoka. Jumatatu zilizofuata nilipokea namba zake, nikashukuru, nikaendelea na kazi. Naandika hivi kwa aibu.

Machi mwaka huu baraza liliamuru tanuri lifungwe. Tulipiga picha ya pamoja ukumbini na ndani yake Babu hayupo. Alikuwa juu, anabadilisha karatasi.

Amri hiyo itapitiwa upya baada ya mwaka mmoja, kwa kuangalia vipimo vya wikendi, na nafasi ya kazi anayoiacha Babu bado haijatangazwa. Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu kuomba jambo moja, aruhusiwe kuendelea na zile Jumapili. Nikamsifu kwa moyo wa kazi. Akanisahihisha kwa upole kwamba siku hiyo nyumbani hakuna anayemsemesha, na kule juu angalau mashine inanguruma.

Daktari wa kliniki amekataa, kwa ajili ya mapafu ya Babu. Tangu siku hiyo sina raha.

Asante, Babu. Watoto wengi wanapumua kwa sababu yako na hawakujui. Jumapili nitapanda mimi. Wewe pumzika, na sote tunakuombea afya, umri mrefu, na nyumba yenye mtu wa kukuuliza kama umekula.