Mama Kope na Wodi Iliyopakwa Manjano

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuhudumia watoto wachanga katika hospitali yetu, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili analijua mhasibu, tena kwa ajili ya mshahara tu. Sisi wengine tunamwita Mama Kope, na nasikitika kwamba kuanzia Julai koridoni hatutakuwa na wa kumwita hivyo.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya kidole gumba chake. Ukikutana naye, kabla hujamaliza kumwamkia ameshaivuta chini kope ya jicho lako atazame weupe wake. Mhasibu huyo huyo alivutwa kope kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, watu wakitazama. Akanuna. Kumbe mkojo wake ulikuwa umekuwa kama chai ya rangi kwa siku kadhaa, naye akisingizia joto. Haikupita muda akawa yumo chumba cha upasuaji, anatolewa kijiwe kilichoziba njia ya nyongo. Siku hizi akimwona Mama Kope hufumba macho na kupapasa ukuta, sote tukacheka.

Wakunga wengi tuliopita mikononi mwake tulifundishwa habari za bilirubini kwa lugha ya jikoni. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjika, na humo hutoka takataka ya manjano, ndiyo bilirubini yenyewe. Ini ndilo mfagiaji: huikusanya, huipitisha kwenye nyongo, ikatoka na choo. Sasa mtoto mchanga ana chembe nyingi za kuvunja, na ini lake ndiyo kwanza limeripoti kazini. Ndiyo maana wengi hupata umanjano kidogo siku za mwanzo, na wakinyonya vizuri huisha wenyewe. Shida huja damu ya mama na ya mtoto zisipopatana, mtoto akiwa njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, akipata maambukizi, au asiponyonya vya kutosha. Hapo takataka huzidi, huingia hadi kwenye ubongo, na inachoharibu huko hakirudi.

Nifike kwenye habari ambayo kamati ya sherehe iliniomba niifute. Mama Kope aliniambia nikiifuta haji kwenye sherehe, na kamati haijawahi kumshinda huyu mama kwa lolote.

Alipokabidhiwa wodi kuiongoza, aliruhusiwa kuchagua rangi ya kuta. Akachagua manjano iliyochangamka, na mapazia ya kufanana nayo, ili kina mama wapate moyo. Sote tukasifu. Hakuna aliyewaza kwamba mle ndani kila ngozi ingeonekana ya manjano, na kwamba macho yetu yangezoea. Binti mmoja alizaliwa, akawa mvivu wa kunyonya na mwingi wa usingizi, nasi tukamwona sawa na wenzake. Mama Kope akasaini waende nyumbani. Mama yake alimrudisha siku chache baadaye, mgongo umepinda, amekakamaa, analia kwa sauti nyembamba. Akawekwa chini ya taa ya bluu, akabadilishiwa damu, akapona. Masikio hayakupona. Hasikii mpaka leo.

Kuta zilipakwa nyeupe wiki ile ile, na Mama Kope alishika brashi mwenyewe bila kungoja fundi. Mchezo wa kope ulianzia hapo. Tangu wakati huo hakuna mtoto mchanga aliyetoka wodini kabla yeye hajamtazama macho, fizi na nyayo kwenye mwanga wa mchana.

Alikwenda pia kwa yule mama kuomba radhi. Angeweza kujificha nyuma ya jina la hospitali; hakujificha. Akajibiwa wazi kwamba hajasamehewa. Alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Jibu halikubadilika, ila siku hizi huletewa kiti.

Mwezi uliopita mama yule alikuja wodini mwenyewe. Binti yake sasa ni mke wa mtu, na ni mjamzito. Sherehe hizi hazina desturi ya kunukuu watu, lakini maneno yale sitayapunguza: "Sijakusamehe, dada. Lakini mjukuu wangu akizaliwa, mtazame wewe, si mwingine." Mama Kope aliitikia kwa kichwa, akaingia stoo kukunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Mtoto anatarajiwa katikati ya Julai. Mama Kope aliomba aongezewe majuma machache, akajibiwa kuwa umri wa kustaafu umefika na sheria haina nyongeza. Uongozi uko sahihi, nami bado nimenuna.

Dada yetu, asante. Wapo vijana wengi mitaani wanaosikia na kutembea vizuri, wala hawajui kuna mtu aliyewavuta kope wakiwa na siku mbili duniani. Tunashukuru kwa niaba yao. Miaka iliyobaki ikupe usingizi wa kutosha na moyo mwepesi kuliko huu unaoondoka nao. Mlinzi wa getini tumeshamwambia: binti akijifungua utaingia, sare au bila sare, na mtoto tutakukabidhi wewe. Ukishamtazama, majibu mpe mama yake wewe mwenyewe, kwa ile lugha ya alama uliyojifunza kwa ajili yake.