Mzee wa Taa na Magari Mawili Ambayo Hayajapatikana

Wazee wetu shikamooni, majirani na wafiwa wenzangu poleni. Mimi ni binti wa marehemu, kitindamimba wake, yule wa chuo, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, na nitayasoma yote, hata ile sehemu ambayo jana sebuleni ilimfanya baba mkubwa aniambie, "Mwanangu, msiba si mdahalo, soma tarehe ukae chini."

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa msaga nafaka na mkunga. Alianza shule ya msingi Januari 1974 akamaliza mwaka 1980, na ripoti yake ya mwisho inasema ni mtulivu ila hufungua kila chenye skrubu, ikiwemo kengele ya shule, ambayo aliirudisha ikilia vizuri kuliko mwanzo na bado akachapwa. Baada ya miaka mitatu kwenye mashine ya kusaga ya babu, alijiunga na chuo cha ufundi tarehe 12 Januari 1984, akahitimu umeme wa magari mwishoni mwa 1986.

Tarehe 2 Machi 1987 aliajiriwa katika gereji iliyo mkabala na stendi, na hapo akakaa miaka thelathini na saba. Magari yalipoanza kuja na kompyuta, wenzake walisema hayo ni ya wachawi, yeye akajifunza ile mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani na kuonyesha namba ya hitilafu, na ndiyo maana ikiwaka taa ya njano ya injini watu walikuwa wakiambiana, "Mpelekee Mzee wa Taa." Alikuwa na sheria moja, kwamba hitilafu haifutwi kwenye mashine kabla haijaandikwa kwenye daftari, pamoja na namba ya gari na simu ya mwenyewe. Mteja akimharakisha alimjibu, "Ndugu yangu, kufuta taa bila kutafuta ugonjwa ni kumziba mdomo mtoto anayelia njaa."

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na mama yetu, msusi, ambaye saluni yake ilipakana ukuta na gereji, na waliozoea mtaa ule wanajua jinsi baba alivyokuwa akiazima mashine ya kukaushia nywele ili aipulizie joto sensa, kile kidude kinachoipa kompyuta ya gari habari, aone kama itagoma, mama akapiga kelele dirishani, "Na wateja wangu niwapulizie kwa mdomo?" Walijaliwa watoto watatu, kaka mwaka 1995, dada mwaka 1998, nami mwaka 2002.

Sasa naingia kwenye sehemu ya kifo, na baba mkubwa, unisamehe.

Tarehe 11 Machi mwaka huu, 2024, mwenye gereji, ambaye yupo hapa mstari wa pili, alileta boksi la sensa kumi na mbili za krenki, vidude vya ukubwa wa kidole gumba vinavyoiambia injini itoe moto wakati gani, si vya kiwandani, vya kuiga, vikafungwa kwenye magari kumi na mawili. Sensa hizo zikiwa baridi hufanya kazi vizuri, zikichemka hukata ghafla, injini huzima gari likiwa mwendoni, zikipoa gari huwaka tena na dereva husema limepona. Hicho ndicho kinachonitisha, kwamba linapona.

Wiki ya tarehe 8 Aprili mawili, yaliyofungwa sensa na vijana wa gereji siku baba hayupo bila kuandikwa daftarini, yalirudi na taa, foleni ikiwa ndefu, mwenye gereji akasema, "Mzee, futa hiyo taa waende, spea ni mpya, itakuwa waya tu." Baba, ambaye hakuwahi kufanya hivyo, akafuta yote mawili bila kuandika hata herufi moja. Ningependa kusema kosa ni la mwenye boksi peke yake, chuoni ningeitetea hoja hiyo na ningeshinda, lakini baba mwenyewe aliniambia, "Nilibonyeza kwa kidole changu, mama, usinisafishe."

Gari la tatu aliliandika, la nne akaliandika, akaona namba ya hitilafu ni ileile, hapo usingizi ukamwisha, na Jumanne tarehe 14 Mei akachukua gari la mwalimu mstaafu, jirani yetu, mojawapo ya yale kumi na mawili, ili aipate sensa ikikata. Alipanda nalo mlima hadi injini ikachemka, na wakati wa kushuka ikazima, usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama jiwe, akagonga ukuta wa daraja. Alilazwa siku kumi na tisa, mbavu zimevunjika na pafu limetoboka, na kwa pumzi ile ndogo alikuwa akinisomea daftari nami nikipiga simu, tukayapata magari mengine tisa na sensa zikang'olewa. Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Bado mawili."

La kwanza ni pikapu nyeupe, dereva wake ana kicheko kikubwa, la pili ni gari dogo la kijivu lenye kiti cha mtoto nyuma, na baba hakukumbuka zaidi ya hapo. Kila nikisikia breki barabarani namfikiria yule mtoto aliyefungwa mkanda, na mama yake aliyeambiwa taa imezimika, nenda salama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeruhi, majirani mliotupikia na kutulaza, mafundi wenzake mliokuja na ovaroli zenu, na mwalimu, ambaye analia kana kwamba yeye ndiye aliyeifunga sensa. Mwenye gereji, shukrani zako nitazitoa siku utakapobandika tangazo getini kwako, kwa maandishi makubwa, kwamba sensa zile ni mbovu.

Kabla ya kusoma nilitoka uani nikahesabu magari ishirini na matatu, ya kijivu ni manne, pikapu nyeupe ni tatu, na moja kati ya hizo tatu ndiyo itakayombeba baba kwenda makaburini, kwa barabara ya mteremko. Fundi wa rangi, mwenzake wa gereji, amesimama getini na mashine ya marehemu, atafungua kila boneti, na hakuna atakayewasha injini kabla yake.

Lala, baba, daftari ninalo mimi. Wenye pikapu nyeupe, naomba mnyooshe mikono.