Shangazi na Picha Iliyokuwa Nyeupe Tupu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika studio yetu. Meneja amenipa mimi kuandika wasifu wake kwa sababu eti mimi ndiye ninayeijua vizuri kazi anayoifanya. Nimekaa naye chumba kimoja miaka sita, na ninakiri mbele ya wafanyakazi wote kwamba bado sijaielewa.

Aliajiriwa kupanga kanda za video stoo. Jina alilipata kwa mpwa wake aliyekuwa mapokezi, aliyekuwa akimwita hivyo kwa sauti mbele ya wateja. Sote tukadandia, hata mkurugenzi, ambaye amemzidi umri. Kompyuta zilipoingia, alijifundisha mwenyewe programu ya kupanga picha tabaka juu ya tabaka, na tangu hapo hakuna tangazo lililotoka hapa bila kupita mikononi mwake.

Kinachonivuruga akili ni yale mafaili ya chaneli nyingi. Wachoraji wa pande tatu, wanaounda vitu kwa kompyuta vionekane kama vya kweli, walioko ghorofa ya juu, wanatuletea faili moja tu. Ukilifungua unaona picha moja, kumbe ndani zimo kumi na nne: rangi peke yake, kivuli peke yake, mng'ao peke yake, na nyingine ambazo sijui hata za nini. Programu haizionyeshi mpaka uiambie chaneli ipi iende tabaka lipi. Na kila mchoraji huzipa majina apendavyo. Nimewahi kuweka mng'ao mahali pa kivuli, birika la mteja likawa na kivuli kinachowaka. Mteja alikipenda. Shangazi alikataa katakata, akanirudisha mwanzo.

Yeye hagusi kazi kabla hajafungua chaneli zote, moja moja. Niliona anajichosha bure, hadi siku ya tangazo la godoro. Nilihitaji chaneli ya kina, inayoonyesha kipi kiko karibu na kamera na kipi kiko mbali, ili nitie ukungu sehemu ya nyuma. Nikaifungua: nyeupe tupu. Nikapanda juu kulalamika. Wakatengeneza upya, nyeupe. Mara ya tatu, nyeupe vilevile, na mchoraji mkuu akaacha kunisalimia.

Mteja alikuwa anakuja saa nane. Shangazi akavuta kiti, akashusha mwangaza wa ile picha kidogo kidogo, na chumba kizima kikajitokeza: kitanda cheusi, ukuta wa kijivu, dirisha jeupe. Katika chaneli ile kila sehemu ni namba ya umbali, na namba ikizidi ndivyo weupe unavyozidi; hizi zilikuwa kubwa kuliko skrini inavyoweza kuonyesha, basi. Picha ilikuwemo muda wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye aliniambia tu niende juu nikaombe radhi kabla mteja hajafika, nikaenda.

Kuanzia Jumatatu kiti chake ni changu, na ninaogopa, sifichi. Matangazo sita yananisubiri. Wiki iliyopita nikajikaza, nikamwomba aniachie daftari lake la kazi, nikiamini majibu yote yamo humo. Nimelisoma jalada hadi jalada. Hakuna jibu hata moja. Ni maswali matupu: hii ni nini, hii imetoka wapi, mbona nyeusi. Pembeni ya kila swali kuna jina la mchoraji wa kumuuliza. Ukurasa wa juzi una maswali tisa.

Nikamuuliza kulikoni. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema tangu aanze hajawahi kufungua faili akalielewa papo hapo, ila yeye haoni haya kuuliza. Miaka sita yote nilidhani ni mimi peke yangu nisiyeelewa.

Shangazi, asante kwa subira yako na kwa kila kosa letu ulilolirekebisha bila kutusema. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na siku nyingi za furaha pamoja na shemeji na wajukuu. Jumatatu saa mbili na robo asubuhi simu yako ikilia, ni mimi. Tafadhali pokea.